Vema ya Kijani

Mimi nilisema. Hilo naliweka mbele kabisa, maana ndilo lililotutoa roho majira yale ya baridi. Nilisema kwa kinywa changu hiki, mashine ikanisikiliza mpaka mwisho, ikaniwekea vema ya kijani kama mwalimu anavyoweka kwenye daftari, nikavaa koti nikatoka. Na yule dada Mkongo wa shifti ya jioni akaapa kwamba hakusikia kitu. Basi mmoja wetu mwongo. Ndivyo watu walivyoona, na mimi mwenyewe ndivyo nilivyoona, nikajua mwongo si mimi.

Ngoja nianzie jikoni, ndiko ninakokaa.

Mwanangu wa kike ana nyumba ya kulea wazee huku ughaibuni, mji wa Coon Rapids. Usifikirie jumba. Ni nyumba ya mtaani tu, gereji mbele, kichaka cha miba nyuma, theluji ikija inafika dirishani. Chini wanakaa wazee wanne ambao akili imeanza kuwaaga, juu tunakaa sisi. Kazi yangu kupika chakula cha asubuhi na cha mchana, na kuwakalia. Kuwakalia ni kazi, usicheke. Mtu akisimama kwenda kumtafuta mume aliyekufa zamani, lazima awepo mtu wa kumwambia keti kwanza mume anakuja.

Kingereza sina. Ninacho cha kuombea maji. Shule niliishia darasa la tatu, nikaenda kulea wadogo zangu, na kusoma nasoma kwa kidole, neno moja moja, kama mtu anayetafuta chawa. Lakini na wale wazee hatukuhitaji lugha. Hasa na bibi mmoja.

Huyo bibi alikuwa Mzungu mrefu, mikono mikubwa kama ya seremala. Maisha yake yote alikuwa mpishi wa shule, mwanangu ndiye aliyenisomea kwenye faili lake. Mtoto hana, mume hana, ana mtoto wa kaka yake anayekuja Krismasi na boksi la chokoleti. Siku ya kwanza niliyomwona alinikuta namenya viazi. Akasimama na kigari chake cha kutembelea, akaangalia maganda yangu, akaangalia uso wangu, akanipiga kofi dogo mkononi. Pa! Eti nayamenya manene. Akavuta kiti, akachukua kisu. Jamani! Ganda lilikuwa linatoka jembamba, refu, unaweza kusomea gazeti upande wa pili. Yule mtu hakumbuki jina lake lakini mikono inakumbuka kila kitu. Tangu siku ile tukawa tunamenya wote. Hata siku ambayo hatupiki viazi nammenyesha viazi, navitia kwenye maji vinakaa.

Chapati zangu nazo alizipenda. Kwao wana mkate wao mwembamba wa viazi, nafikiri alidhani ndio huo. Anapaka siagi, anamwaga sukari, anaviringisha kama mkeka. Sukari kwenye chapati! Meno yanasisimka mimi ninayetazama.

Sasa mambo ya ripoti. Mwanangu ana sheria moja hapa nyumbani: hakuna kuambiana habari za mzee kwenye korido. Anasema maneno ya korido yanapotea, halafu mkaguzi wa serikali akija utamwonyesha nini? Kila kitu kiingie kwenye tableti, kile kidude bapa cha kioo. Nani kala, nani kagoma, nani kaanguka. Wenzangu wanaandika. Mimi kuandika ningemaliza siku nzima, kwa hiyo binti wa marehemu mdogo wangu, anayekaa Maple Grove na kazi yake ni kompyuta, akanitengenezea kitufe chekundu. Yeye ndiye aliyemtengenezea mwanangu programu yote ile. Akaniambia, "Mama mkubwa, ukitaka kutoa ripoti bonyeza hapa, sema, bonyeza tena. Ukiona vema ya kijani, ujue imefika."

"Na watakaonisikiliza wataelewa Kiswahili?"

"Wote humu si Waswahili? Wewe sema tu."

Basi nikasema. Wewe, nilisema! Ningefanyaje? Naongea na mtu, hata kama simwoni. Yule dada Mkongo anakuja saa tisa alasiri, kaacha watoto, kaendesha gari kwenye barafu kutoka Crystal, halafu sauti yangu imrukie tu, "bibi hakula"? Kama mbwa anabweka? Kwetu hata mtu wa kuja kuomba kibiriti anaanza na hujambo. Kwa hiyo nilikuwa naanza: hamjambo wanangu, mmeshindaje, habari za watoto, yule mdogo kikohozi kimepona? Baridi inawaonaje? Habari za huko nyumbani Kongo, mama anaendeleaje na mguu? Nawaombea safari njema na njia isiyo na barafu. Na kwa mwenzako wa asubuhi nafikishie salamu. Halafu ndiyo natoa ripoti. Halafu naaga, na kuaga nako huwezi kumwagia mtu maji na kuondoka.

Na pembeni yangu yupo yule bibi na kisu chake. Alikuwa anapenda saa ile. Alijifunza. Nikisema "habari za asubuhi," anaitikia "Nzuri!" kwa sauti nene. Nikisema "za watoto," "Nzuri!" "Za kazi?" "Nzuuuri!" Halafu anacheka mpaka machozi. Akicheka narudia tena, basi tunakwenda hivyo, ya viazi, ya theluji, ya Mungu, zote nzuri. Tulianza kwenye mwezi wa tisa, majani yanaanguka, tukafika mwezi wa pili tunasalimiana.

Yule dada Mkongo alikuwa ananijibu kwa maandishi, mwanangu ananisomea. "Maman anasalimiwa sana, mtoto amepona." Nafurahi siku nzima. Halafu, kwenye huo mwezi wa pili, majibu yakakoma. Siku ya kwanza, ya pili, wiki. Nikajisemea moyoni, haya, kamaringo kameingia. Sikumuuliza. Mtu mzima unamuuliza mtu mbona hunisalimii? Utaonekana unaomba. Tukipishana mlangoni ananiambia "Maman, jambo," namwambia "jambo," basi.

Siku yenyewe ilikuwa ya theluji. Asubuhi bibi alipaliwa na uji. Si kupaliwa kwa kawaida, alikohoa mpaka uso ukabadilika rangi. Mchana nikampa supu, akapaliwa tena. Mkate ndio kabisa, ulikaa mdomoni, hajui aufanye nini. Nimelea wazazi wangu wote wawili mpaka mwisho, naijua hali hiyo, koo limesahau kazi. Nikakaa mezani, nikabonyeza chekundu. Nikasalimia. Nikasema hivi, na haya maneno nayajua kama jina langu: "Bibi wa viazi leo koo halifanyi kazi. Asipewe kitu kikavu. Sagieni kila kitu, mumlishe kijiko kidogo kidogo amekaa wima. Mkate hapana. Chapati hapana, hata akilia." Nikaaga. Vema ya kijani. Nje gari la kunipeleka kliniki ya macho limeshapiga honi mara mbili, ilikuwa saa nane na nusu. Mwanangu alikuwa bafuni anamwogesha mzee mwingine, nikapaza sauti, "Natoka! Ripoti iko kwenye tableti!"

Akajibu, "Sawa mama, vaa kofia!"

Hivyo tu. Neno la koo ningeweza kulipigia kelele pale pale mlangoni, lingechukua muda gani? Lakini sheria ni sheria, na vema nimeiona.

Na nilikuwa nimeacha chapati tatu kwenye sahani, nimezifunika kitambaa. Za yule dada Mkongo. Maringo au si maringo, mtu anayetoka kwenye baridi anaachiwa chakula.

Kwenye saa kumi na moja niko kwenye kiti cha kliniki, macho yametiwa dawa naona ukungu mtupu, simu ikalia. Mwanangu. Hakuniita mama, alisema tu, "Bibi kapaliwa. Ambulensi imemchukua." Nikauliza kala nini. Nikauliza tena. Akasema, "Chapati."

Bibi alikuwa amekinyooshea kidole kile kitambaa. Dada Mkongo akamkatia, akampakia siagi na sukari kama anavyopenda. Alikuwa anamfurahisha. Chakula kikaingia mapafuni. Bibi alikaa hospitali siku nne na akafa siku ya tano asubuhi, mtoto wa kaka yake hajafika bado. Mimi nilikuwepo. Nilimshika ile mikono. Nilimwambia habari za asubuhi.

Hakujibu.

Huku mtu wa nyumba kama ile akifa hivyo serikali inauliza. Akaja mama mmoja mkaguzi, mpole, viatu kavua mlangoni bila kuambiwa. Akataka kujua nani alijua kwamba bibi hawezi kumeza, na nani alimpa chapati. Mwanangu akamweleza nilivyosema. Yule dada Mkongo akaitwa, akasema hakusikia kitu. Mkaguzi akaandika. Na mwanangu akanieleza baadaye maana yake: yule dada akionekana alijua na akapuuza, jina lake linaingia kwenye orodha, na likishaingia hatashika tena kazi ya kulea mgonjwa kwenye jimbo lote hili. Na yule dada hana kazi nyingine anayoijua. Kalea wagonjwa tangu kambini, kabla hajafika huku.

Aliambiwa abaki kwake mpaka uchunguzi uishe. Siku ya kuondoka alinikuta jikoni.

"Maman, vraiment, kweli kabisa. Minakuapia kwa watoto wangu. Nilifungua ile mashine, nikatafuta sauti yako, hamukuwa kitu ndani."

"Mimi nilisema, mwanangu. Nikaona vema."

"Sisemi umesema uongo, Maman. Minasema hamukuwa kitu."

"Basi wote wawili tunasema kweli? Inawezekanaje?"

Akaniangalia. Alikuwa na mfuko wa viatu vyake vya ndani mkononi, akauweka chini, akauokota tena. "Sijui," akasema. "Miye si mtu wa mashine." Akatoka. Nami, Mungu anisamehe, nilimtazama mgongo nikasema moyoni, mwongo huyo.

Jumamosi akaja yule binti wa Maple Grove, mtengeneza programu, kaitwa na mkaguzi atoe kumbukumbu zote. Alifika asubuhi na kikombe chake cha kahawa cha bati, akaingia kwenye kijichumba cha ofisi. Nikavuta kiti. Nilitaka nione kwa macho yangu sauti yangu inatoka mle ndani, dada Mkongo aaibike.

Akafungua programu. Ikafunguka. Akabonyeza itoe kumbukumbu zote kwa mkupuo, ikaganda, ikajifunga yenyewe. Puu, kama mlango.

"Dada," akamwita mwanangu, "hii imeanza lini kujifunga?"

"Aa, hiyo? Wiki mbili hivi. Naiwasha tena inakaa sawa."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Si inakaa sawa? Nilifikiri intaneti."

Yule akafumba macho kidogo. Akaanza. Kwanza akaangalia intaneti, nzima. Akaangalia tableti, nzima. Akaiangalia kompyuta yenyewe kama imejaa, akasema ina nafasi tele, hata nusu haijafika. "Sasa unafia nini wewe?" akawa anaiuliza. Mimi nafurahi mtu anayeongea na mashine, kumbe si mimi peke yangu.

Akauliza, "Inajifunga saa ngapi? Ovyo ovyo tu?"

Mwanangu akamwonyesha kalenda ya ukutani nyuma ya mlango. Maana yeye kila kitu anaandika, ndivyo alivyo. Kila siku programu ilipozima alitia alama na saa. Yule akasimama mbele ya kalenda na kidole, kama mimi ninavyosoma. Saa nane na robo. Saa nane na dakika kumi. Saa nane na nusu. Kila siku baada ya saa nane mchana, na hakuna siku imezima asubuhi hata moja, ila hiyo ya leo alipoibebesha zote.

Akageuka polepole. "Mama mkubwa. Wewe ripoti huwa unatoa saa ngapi?"

"Nikishaosha vyombo vya mchana. Saa nane hivi."

Akarudi kitini. Hakuongea tena na mashine. Kila siku ile kompyuta inajiwekea nakala ya akiba, zimepangwa kama mayai, akaanza kuzifungua moja moja. Akanieleza, na akanieleza vizuri maana ana subira ya mama yake. Alisema maandishi yote na sauti zote vinakaa ndani ya faili moja. Si vitabu vingi, kitabu kimoja. Na programu ya aina ile, kwa ukale wake, hairuhusu faili lile lipite gigabaiti mbili. Hata nyumba yote iwe tupu, gunia hilo moja likifika pale halipokei punje. Akanionyesha tarakimu. Mwezi wa kumi faili linanenepa. Wa kumi na moja linanenepa. Krismasi, linanenepa. Halafu siku tisa za mwisho kabla ya bibi kupaliwa, tarakimu zimekaa palepale, kama mtu aliyefika ukutani.

"Sasa ripoti za wenzangu zimeingiaje?" nikauliza.

"Maandishi ni mepesi kama unga, yanapenya kwenye nyufa. Sauti ni magunia. Sauti yako ikifika inagonga, programu inaanguka, dada huyu anaiwasha tena. Sauti imeshapotea."

"Na vema yangu?"

Hapo akashika paji la uso. "Vema inatoka kwenye tableti, mama mkubwa. Inasema imetuma. Haisemi imepokelewa. Mimi ndiye niliyeiweka hivyo." Akasema tena, "Mimi ndiye."

Siku tisa. Siku tisa nilikuwa naongea na ukuta. Ndiyo maana majibu yalikoma. Dada Mkongo siku tisa anafungua anakuta Maman hajasema kitu, na hakuuliza, atamuulizaje mama mtu mzima mbona leo huna ripoti? Baadaye aliniambia alifikiri nimechoka, au nimemkasirikia. Na mimi sikumuuliza mbona hunijibu. Kila mmoja anamheshimu mwenzake, na bibi yuko katikati na chapati.

Lakini lilikuwa bado halijaniingia lile lenyewe. Nikauliza kama mjinga, "Sasa limejaa nini? Wazee wanne tu hawa."

Hakutaka kusema. Mwanangu akamwambia, "Sema tu."

"Nilipiga hesabu ya ripoti za nusu dakika," akasema. "Kwa nusu dakika faili lingetuchukua miaka. Zako ni dakika saba, nane. Moja ina kumi na mbili."

Akafungua moja, ya mwezi wa kumi. Nikajisikia. Hamjambo wanangu, mmeshindaje. Na nyuma yangu kisu kwenye viazi, kwa, kwa, kwa. Habari za asubuhi? "Nzuri!" Za watoto? "Nzuri!" Kicheko kile. Akafungua nyingine. "Nzuri!" Nyingine. "Nzuuuri!" Ripoti yenyewe ikija ni maneno matatu: wote wamekula, wazima. Halafu kuaga, kwaheri, na bibi naye anaaga.

Mwanangu akaondoka akaenda kusimama dirishani. Mimi sikulia hapo. Nilikuwa nimekaa nasikiliza jinsi nilivyojaza gunia, siku kwa siku, kwa raha zangu, mpaka siku niliyokuwa na neno la maana likakosa pa kuingia.

Tulipokula mchana, mwanangu akasema taratibu, "Mkaguzi hajui mambo ya mafaili. Ameomba kumbukumbu tu. Tukimpa zilivyo, ataona siku ile hamna sauti ya mama. Hatauliza kwa nini."

Binamu yake akaweka kijiko chini. "Na ataamini nini, dada?"

"Sijui ataamini nini."

"Unajua. Ataona mama mkubwa hakusema. Au ataona dada Mkongo amefuta."

"Nyumba hii itafungwa!" mwanangu akapaza sauti. Hajawahi kunipazia sauti mezani. "Wazee watatu wataenda wapi? Programu ilizima wiki mbili na mimi naiwasha tu, unajua wataandika nini? Watasema sikuangalia. Na ni kweli sikuangalia!"

Nikamwambia, "Mwanangu, kula."

"Sina njaa, mama."

"Kula. Jumatatu nitaongea na huyo mama wa viatu."

"Kwa Kingereza gani?"

"Atatafuta mtu."

Akatafuta. Jumatatu alikaa mezani kwangu, simu katikati, ndani ya simu mkalimani, mwanamke, sauti ya Kimombasa tamu kabisa. Akajitambulisha. Na mimi, wewe, ulimi ulishaanza, habari za asubuhi mwanangu, za huko uliko... nikaona mkaguzi kashika kalamu anasubiri. Nikajing'ata. Nikasema kavu, kama anayesoma tangazo: Nilitoa ripoti. Haikuingia. Haikuingia kwa sababu faili lilijaa. Lilijaa sauti yangu mimi, nasalimia. Dada wa jioni hakusikia kwa sababu hapakuwa na cha kusikia. Chapati niliipika mimi, nikaiacha mezani mimi. Jina lake msiliandike.

Mkalimani akatafsiri. Kwenye neno la kusalimia sauti yake ilipinda kidogo, nikamsikia. Mkaguzi akauliza kitu. Mkalimani akasema, "Anauliza, bibi, dakika saba zote ulikuwa unasalimia nani?"

Nikasema, "Mwambie, wote."

Walifanya yao. Binti wa Maple Grove aliwaandikia karatasi ndefu, za gigabaiti na za vema, na chini akaweka jina lake kwamba kosa la vema ni lake. Nyumba haikufungwa, ila mwanangu kapewa barua ya onyo, imebandikwa ukutani pale mlangoni, na kila anayeingia anaisoma kabla hajavua viatu. Mzee mmoja watoto wake wakamhamisha. Tumebaki na wawili, na kile chumba cha bibi hakuna aliyeletwa.

Dada Mkongo jina lake halikuandikwa. Yuko kwenye nyumba nyingine upande wa Maple Grove. Alikuja mara moja kuchukua kitambulisho chake. Nikamwambia mlangoni, "Mwanangu, nilikuwaza vibaya." Akasema, "Ni mimi nilimukatia ile chapati, Maman. Ni mikono yangu." Nilimfungia chakula kwenye kopo. Alishukuru. Alipofika kwenye gari nilimwona amekiweka kiti cha nyuma, akakaa muda mrefu hajawasha gari, halafu akaondoka. Hakupita tena, na sidhani kama atapita.

Programu sasa ni mpya, sauti zinakaa nje ya faili, kila moja peke yake, na vema haitoki mpaka kule ofisini kuwe kumepokea. Inachelewa. Unakaa unaisubiri. Zile salamu za zamani binti alizitoa zote ili faili lipumue, hakuzitupa, kaniwekea kwenye flashi ndogo kama kidole cha mtoto. Nimeitia kwenye kopo la vifungo. Yule mtoto wa kaka hajauliza kama kuna sauti ya shangazi yake mahali.

Kitufe chekundu bado ninacho. Mwanangu alisema niache, nikamwambia siachi. Mchana nikishaosha vyombo nakaa mezani, nabonyeza, nasema: wote wamekula, mzee wa dirishani kakohoa mara mbili, maji apewe yaliyotiwa unga yawe mazito, asipaliwe. Nabonyeza tena. Nusu dakika haifiki. Nasubiri vema. Ikitoka nainuka hata hivyo, nakwenda mpaka mlango wa ofisi, nauliza, "Imefika?" Mwanangu anasema imefika, mama. Nauliza tena kesho yake, na ile sheria ya korido hanitajii tena.

Halafu narudi kwenye viazi. Tableti ikiwa imezimwa kabisa, kioo cheusi, ndipo nasalimia. Habari za asubuhi. Za watoto. Za kazi. Napumzika kidogo baada ya kila moja, mahali pake pa kuitikia, na maganda yangu siku hizi ni membamba.